Jinsi ya kufanya kazi na mtu ambaye kichwa chake kinaenda tofauti na chako (bila kujifanya daktari)

Naanza na namba ya kontena maana hiyo ndo iliyonifungua macho. Simama pale nje ya bandari Dar, angalia kontena lolote linalotoka, utaona herufi 4 halafu tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho mara nyingi imezungushiwa kiboksi. Watu wengi wanadhani ni pambo tu, kumbe ni ya kukagulia. Zile herufi kila moja ina thamani yake, unachukua herufi na tarakimu zote 10 za mbele unazidisha kwa 1, 2, 4, 8 hivyo hivyo mpaka 512, unajumlisha, unagawa kwa 11, kinachobaki ndo ile ya kwenye kiboksi, na ikibaki 10 inaandikwa 0. Kwa hiyo karani akiandika 6 badala ya 9 hesabu inagoma, mfumo unamwambia rudia.

Fikiria waliokaa chini wakatunga hicho kitu. Hawakusema "tutafute makarani makini zaidi", wala "tuwakate mshahara wanaokosea". Walikubali tu kwamba kichwa cha binadamu kitakosea kunakili namba ndefu, basi wakatengeneza namba inayojikagua yenyewe.

Mimi nimekaa kwenye ofisi za kliaringi, yaani za kuwatolea wateja mizigo bandarini, miaka tisa, nyingi nikiwa msimamizi, na kwa miaka kama mitano ya mwanzo nilikuwa msimamizi wa hovyo, nasema ukweli. Kuna watu wawili watatu walitoka kwenye ofisi niliyokuwa nayo zamani wakiitwa wazembe, mmoja akiitwa ana mapepe, mwingine ana kiburi, na leo nikikumbuka walivyokuwa wanafanya kazi naona wazi tuliwashindwa sisi. Haya ninayoandika ni ambayo ningependa mtu aniambie wakati ule. Sijasomea ubongo, nimesoma tu sana baada ya kuharibu.

Jina la hiki kitu kwanza

Wazungu wana neno lao, neurodiversity, mi naita utofauti wa ubongo. Lilizuka miaka ya 1990 kwenye mazungumzo ya intaneti ya watu wenye usonji (autism) wenyewe, na Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, akaliandika kwenye kazi yake ya chuo mwaka 1998. Wazo ni kwamba bongo hazikutengenezwa kwa kalibu moja. Kuna mwenye usonji, mwenye ADHD (umakini wake unaruka au unang'ang'ania, na mara nyingi mwili hautulii), mwenye disleksia ambaye maandishi yanamsumbua wakati akili anayo tele, mwenye diskalkulia ambaye tarakimu ndo zinamsumbua, kuna wenye Tourette (mwili unashtuka au sauti inatoka bila wao kutaka) na kadhalika. Na vinachanganyika. Mpaka mwaka 2013 kitabu cha vipimo cha madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa hakiruhusu mtu mmoja apewe usonji na ADHD kwa pamoja, toleo la mwaka huo ndo likaruhusu, na sasa inajulikana kwamba kuwa na vyote viwili ni jambo la kawaida sana. Kwa hiyo ukikutana na mtu ambaye anapenda kila kitu kiwe kwenye mstari lakini meza yake ni jalala, usishangae.

Acha kupima watu

Hii ndo ya kwanza na naiweka mbele makusudi. Ukishaangalia video mbili tatu kwenye simu utaanza kumuona kila mtu ana kitu, "huyu ana ADHD huyu", "yule mhasibu lazima ana usonji". Acha. Wewe siyo daktari, na kwetu hapa mtu mzima kupata kipimo cha uhakika ni safari: umtafute daktari bingwa wa akili, upange foleni, ujieleze mambo ya utotoni wakati hata mama yako anakumbuka tu kwamba ulikuwa mtundu. Wengi hawatakuja kupimwa maisha yao yote. Ukisema utamsaidia mwenye cheti tu utakuwa umewaacha karibu wote.

Kinachofanya kazi ni kuuliza kuhusu kazi, mtu umuache. Mi nina maswali matatu, nauliza kila mtu, hata asiye na shida yoyote, nauliza tukiwa wawili, siyo kwenye kikao:

Sehemu gani ya kazi yako inakumalizia nguvu kuliko inavyostahili?
Nikikupa kazi, unapenda nikupe vipi, kwa mdomo, kwa kuandika, au nikuonyeshe mara moja?
Nini kwenye hii ofisi kinakuvuruga ambacho mi sikioni?

Utashangaa. Mdada mmoja aliyekaa na sisi mwaka mzima kimya alinijibu swali la tatu kwa neno moja, "feni". Ile feni ya juu ilikuwa inalia tik tik tik, sisi wengine tulishaacha kuisikia siku nyingi, yeye alikuwa anaisikia kila sekunde saa nane kwa siku. Fundi alikuja akaikaza, elfu kumi ikatutoka, na makosa kwenye ankara zake yakapungua wiki ile ile.

Kutoa maelekezo, hapa ndo penye kesi nyingi

Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kuhusu namba 7, kwamba kichwa kinashika vitu kama saba hivi kwa wakati mmoja. Baadaye Nelson Cowan akapitia upya mwaka 2001 akasema kiukweli ni kama vinne. Vinne! Na hapo tunazungumzia mtu yeyote, hata mwenye kichwa cha kawaida aliyelala vizuri. Sasa msikie bosi kwenye korido asubuhi: "We, ile BL ya mteja wa Lubumbashi imefika, ifuatilie DO, mpigie dereva, usisahau ile TANSAD ya jana ina kwerii, halafu mwambie mhasibu aniandalie ile pesa ya storeji, na ukipita bandarini niangalizie yale makontena mawili." (BL ni hati ya mzigo wa meli, DO ni kibali cha kuuchukua, TANSAD ndo dikleresheni ya forodha, kwerii ni swali la forodha, storeji ni ada ya mzigo kukaa bandarini.) Hizo ni kazi tano, zimetoka kwa pumzi moja, mtu akiwa ameshika chai. Mwenye ADHD atakumbuka ya kwanza na ya mwisho. Mwenye usonji atakuwa bado anatafakari ya pili, "nimpigie dereva yupi, nimwambie nini". Halafu saa kumi jioni bosi anauliza kwa ukali.

Dawa ni kuandika, hamna siri nyingine. Ujumbe mmoja kwa kazi moja, nini kifanyike, mpaka saa ngapi, kikishakamilika apewe nani, na kikikwama afanye nini. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau na ndo muhimu kuliko zote, kwa sababu mtu anayepata shida kubadilisha mpango ghafla akigonga ukuta atakaa pale pale kwenye ukuta, na utasema mvivu.

Sasa kuna shida moja ni yetu sisi Waswahili. Kiswahili cha ofisini kimejaa adabu ya kuzungukazunguka. "Ukipata nafasi niangalizie hii" maana yake ni fanya sasa hivi. "Tutaangalia" maana yake ni hapana. "Siyo mbaya" maana yake ni mbaya. "Nitakucheki" maana yake hamna kitu. Wengi wetu tumelelewa ndani ya haya mambo tunayasoma bila kufikiri, lakini kuna mtu anayachukua kama yalivyosemwa, na hajakosea, wewe ndo ulisema hivyo.

Tulikuwa na kijana anajaza dikleresheni, hodari kupindukia, zile namba za HS za kuainisha bidhaa alikuwa nazo kichwani kama nyimbo, ukimwambia pampu ya maji anakuuliza ya mkono au ya injini kabla hujamaliza sentensi. Siku moja nikamwekea faili mezani nikamwambia "hii iangalie angalie". Mzigo ulikuwa umebakiza siku mbili za bure bandarini. Siku ya nne nauliza, faili liko pale pale, storeji imeshaanza kuhesabu. Nikamuuliza kwa hasira, akanijibu kwa utulivu kabisa, "uliniambia niiangalie, nimeiangalia. Ina kosa ukurasa wa pili." Ofisi nzima ikacheka, bosi akasema hicho ni kiburi, na mimi nikakubaliana na bosi. Naona aibu mpaka leo.

Kuna mtafiti Muingereza, Damian Milton, yeye mwenyewe ana usonji, mwaka 2012 aliandika kwamba shida ya kuelewana ina pande mbili. Tumezoea kusema mwenye usonji hawaelewi watu, yeye akasema na nyie wengine hamumuelewi, mbona hilo halihesabiwi? Halafu mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakafanya kama ule mchezo wetu wa kunong'onezana, watu wanane wanapokezana habari mmoja baada ya mwingine. Mstari wa wenye usonji watupu ulifikisha habari vizuri sawa na mstari wa wasio nao. Mstari uliovuja ni ule wa mchanganyiko. Yaani tatizo lilikuwa kwenye mpaka kati ya wawili. Nikiikumbuka ile faili nacheka kwa uchungu, maana mimi ndo nilikuwa upande wa pili wa huo mpaka.

Salamu

Hii huikuti kwenye vitabu vyao, lakini kwetu mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili ya salamu. Asubuhi unapita meza kwa meza, habari za nyumbani, za watoto, za usingizi, mnashikana mikono, ofisi ya watu kumi na tano ni dakika ishirini. Kwa wengi ndo raha ya kazi. Kwa mtu ambaye kila mazungumzo mafupi yanamla nguvu, hizo dakika ishirini ni kama kubeba magunia kabla kazi haijaanza. Basi anapita kimya anakaa. Na mama wa uhasibu anasema "huyu mtoto hakulelewa".

Tulichofanya ni kidogo tu. Nilikaa na kijana wetu mmoja wa namna hiyo, nikamwambia hivi: kwa mama wa uhasibu na mzee wa mlinzi shikamoo haina mjadala, hiyo ni ya lazima kwa sababu wao bila hiyo wanaumia. Wengine pandisha mkono mlangoni sema "habari zenu" mara moja, inatosha. Akafurahi, alisema hajawahi kuambiwa zipi ni za lazima na zipi siyo, alikuwa anakisia miaka yote. Halafu nikaenda kwa mama, sikumwambia lolote kuhusu kijana na kichwa chake maana hayo siyo yangu kusema, nikamwambia tu "mama, huyu ni mpole, akikuamkia ameshamaliza heshima zake zote". Akacheka, yakaisha.

Na jamani hili la kuangalia mtu machoni. Kwenye mafunzo ya Ulaya utasikia asiyeangalia machoni ni dalili. Kwetu kijana akimkodolea macho mtu mzima ndo shida. Usichukue orodha ya dalili ya London ukaja nayo Kurasini.

Muda, na yule anayeitwa ana mapepe

Sentensi inayonikera kuliko zote ni "mbona akitaka anaweza". Mbona kwenye gemu anakaa saa sita hatikisiki? Ndo hivyo hasa. Kwenye ADHD umakini upo, usukani wake ndo mgumu. Mitandao ya mbele ya ubongo inayopanga na kuzuia inategemea kemikali kama dopamini, na dopamini ina kazi kwenye mambo ya tuzo na hamasa, kwa hiyo kazi ambayo faida yake iko mbali, mfano kupanga mafaili ya ukaguzi wa mwezi wa sita, haimvuti hata aiogope vipi. Kazi ya sasa hivi yenye moto inamvuta yote mzima mzima.

Kijana wetu wa bandarini alikuwa hivyo. Mpe mzigo uliokwama, maafisa watatu wa kuzungumza nao, dereva analia njaa, lori limezuiwa getini, utamuona mtu anang'aa. Mwambie akae ajaze ripoti ya mafuta ya wiki, siku tatu haijajazwa. Tulichobadilisha:

Ripoti ya wiki ikawa ya kila siku, mistari mitatu, anaituma kwa simu kabla hajashuka kwenye bodaboda. Kazi ile ile imekatwakatwa tu.

"Kesho" tuliifuta. Kesho siyo muda. Tunasema "saa nane mchana leo", na saa saba na nusu napita mezani kwake, sigombani, napita tu.

Yale mafaili ya ukaguzi nilikaa naye. Sikumsaidia hata karatasi moja, nilikaa meza ya pembeni na kazi zangu. Sijui niseme vipi lakini mtu mwingine akiwepo anafanya kazi kimya, yeye anaweza kuanza, na kuanza ndo mlima wake. Ukimuacha peke yake anafungua faili, anakumbuka kitu, anatoka, harudi tena.

Ila na mimi nilikosea mwanzoni, nikampa zile za moto tupu kwa sababu anaziweza. Baada ya miezi miwili alichoka kabisa, akaanza kuumwa kichwa kila Jumatatu. Kupenda moto hakumaanishi huungui.

Kukatizwa katizwa

Hili ni la wote. Mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 alionyesha kwamba ukihama kazi kabla hujaimaliza, sehemu ya akili inabaki nyuma kwenye ile ya zamani, halafu mpya unaifanya kwa nusu kichwa. Sasa ofisi yetu kulikuwa na grupu nne za WhatsApp, simu ya mezani, wateja wanaingia bila hodi, na bosi anayeita kwa sauti kutoka chumbani kwake. Tulikubaliana saa mbili mpaka saa nne ya chai hakuna kumwita anayejaza dikleresheni, mteja akija anakaa na mtu wa mapokezi. Wiki ya kwanza bosi alivunja kila siku. Ya pili nikabandika karatasi mlangoni. Ya tatu akaona kwerii za forodha zimepungua akaanza kuilinda yeye mwenyewe, utadhani ndo aliyebuni.

Disleksia na hii shida ya lugha mbili

Hapa nataka nikae kidogo maana sijaona watu wakilisema. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, ba be bi bo bu, ukishaijua silabi umeshaijua. Kiingereza hakina huruma hiyo, herufi zile zile zinasomeka hivi hapa na vile pale. Kwenye lugha zinazoandikwa kama zinavyosemwa, kama Kitaliano au Kifini, mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana, anasoma taratibu tu. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kumaliza darasa la saba anasoma pole pole hakuna aliyeshtuka, akifika fomu wani masomo yote yamegeuka Kiingereza anaanguka kama gunia, na anaambiwa hana akili. Anakuja ofisini ameshajiamini hivyo hivyo kwamba hana akili, anajificha, ukimwambia asome imeili mbele ya watu anasema miwani kasahau.

Ukiona mtu anaeleza jambo vizuri mno kwa mdomo, anakumbuka mazungumzo ya mwezi uliopita neno kwa neno, lakini imeili ya mistari mitano inamchukua nusu saa na inatoka imepinda, punguza maandishi usipunguze heshima. Ruhusu ajibu kwa voisi. Simu nyingi siku hizi zina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti, muonyeshe ulipo, mkiwa wawili. Tengeneza majibu ya mfano ya imeili zinazojirudia, "mzigo wako umefika", "tunasubiri malipo", abadilishe jina na namba tu. Herufi ziwe kubwa kidogo, saizi 12 mpaka 14, mistari iachane, maandishi yapangwe kushoto, na usiandike aya nzima kwa herufi kubwa kama unagomba. Na namba za kontena zisomwe na wawili, mmoja anatamka mwingine anaangalia, halafu ile tarakimu ya kwenye kiboksi inamalizia. Tulipoanza hivyo nikagundua na mimi nilikuwa nakosea, ila makosa yangu hakuna aliyekuwa anayahesabu.

Kelele, mwanga, nguo

Fupi fupi. Taa ya tyubu inayocheza badilisha leo. Jenereta likiwa nyuma ya ukuta wa mtu, mhamishe mtu. Redio ya ofisi iwe na saa zake. Udi na pafyumu kali vinaweza kumtoa mtu kazini kabisa. Sare za tetroni zinawasha watu wengine kama upupu, mtu akiomba avae shati la pamba la rangi ile ile mruhusu, utapoteza nini? Na hedifoni, ruhusu wote, usiruhusu mmoja, maana ukiruhusu mmoja kesho utaulizwa "kwani yeye nani", na jibu la kweli ni siri ya mtu. Kila kitu unachoweza kukifungua kwa wote kifungue kwa wote, unakuwa umeondoa maneno yote ya korido kwa mkupuo.

Semina za ubongo

Akija mtu na projekta akawaambia mnatumia asilimia 10 tu ya ubongo, mpe chai aondoke, ubongo wote unatumika na peke yake unakula kama asilimia 20 ya nishati ya mwili mzima wakati uzito wake ni kama asilimia 2 tu. Akisema huyu ni wa ubongo wa kushoto yule wa kulia, hivyo hivyo. Na ile ya kwamba kuna watu wa kujifunza kwa macho na wengine kwa masikio, watafiti waliipitia mwaka 2008 hawakuona ushahidi wa kutosha wa kufundishia hivyo. Swali langu la pili kule juu siyo hilo, mi namuuliza mtu anachopenda kwa sababu yeye ndo anajua wapi panavuja.

Kuajiri

Usaili wetu unapima uwezo wa kufanyiwa usaili. "Tuambie kuhusu wewe", watu watano mbele yako wamekunja uso, feni inalia. Mwenye usonji anaumia na hilo swali kwa sababu halina mwisho, aanzie kuzaliwa? Mpe kazi yenyewe. Sisi tunampa BL, ankara na orodha ya mzigo ambavyo tumevitia makosa matatu, tunamwambia una dakika arobaini, tafuta. Maswali machache ya mdomo tunamtumia jana yake. Kule Denmark kuna kampuni inaitwa Specialisterne, Thorkil Sonne aliianzisha mwaka 2004 baada ya mtoto wake kugundulika na usonji, wao watu wanafanya majaribio ya kazi halisi badala ya kukaa kwenye kiti wakihojiwa. Ila tahadhari, stori za namna hii zimefanya watu wadhani kila mwenye usonji ni jiniasi wa kompyuta. Wengine ni watu wa kawaida tu wanaotaka kazi ya kawaida na mshahara tarehe 28.

Sheria na mdomo

Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini na ulemavu umetajwa humo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Mtu akikuambia hali yake mwenyewe, ameshakupa kitu kizito, usikitoe nje. Niliwahi kuona meneja, ofisi sitaji, mfanyakazi kamwambia faraghani kwamba anatumia dawa za ADHD, Jumatatu meneja kwa nia njema kabisa kaandika kwenye grupu la ofisi "tumuombee na kumvumilia mwenzetu". Yule mtu hakumaliza mwezi.

Na kama ni uzembe kweli?

Upo, nisidanganye. Lakini nimejiwekea utaratibu, simuiti mtu mzembe mpaka nimeshaandika maelekezo vizuri, nimeondoa kelele, nimekata kazi vipande, na nimesubiri kama wiki tatu. Wengi wanabadilika ndani ya mbili. Wasiobadilika nawauliza nyumbani kukoje, maana asiyelala, mwenye msiba, mwenye mkopo wa kausha damu anayepigiwa simu kila saa, umakini wake unaanguka vile vile, na huyo anahitaji msaada mwingine tofauti. Akibaki asiyeguswa na lolote kati ya hayo, basi barua ya onyo kama kawaida.

Yule kijana wa dikleresheni yupo bado. Baada ya ile kesi ya faili nilimuomba msamaha, akasema hamna shida, ila akaomba kitu kimoja, tuchonge mihuri miwili. Mmoja umeandikwa ISOMWE, mwingine IFANYIWE KAZI, chini yake nafasi ya tarehe na saa. Ofisi ilimcheka wiki nzima. Sasa hivi hakuna faili linalohama meza bila muhuri, na juzi bosi kanitupia moja halina kitu nikalirudisha mezani kwake bila kulifungua, akanung'unika, akavuta droo akapiga IFANYIWE KAZI, saa tisa na nusu.